Nguzo Ndefu ya Moshi Wetu

Nyumbani kwenu,
Chumba cha mbele,
Jumapili, 12 Oktoba.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu tele kama mahindi ya ghala langu, ambalo mwaka huu mlango wake umegoma kufungika. Hujambo? Baridi ya huko inakutendeaje? Vaa soksi mbilimbili. Sisi huku wazima, na mimi ndiye mzima kuliko wote. Juzi nilibeba gunia kila bega, na mbuzi nikamtia shingoni maana alikuwa amechoka njiani.

Mchoro wako niliupata kwenye simu. Nguzo mbili, moja ya nchi hiyo uliko, nyingine ya kwetu, kuonyesha gesi ya methani inayotoka kila upande mabua ya mahindi yakichomwa. Yetu ndefu, yao fupi kama kisiki! Nilifurahi nusura nipasuke. Wao wana matrekta, sisi majembe, na bado tumewafunga! Nikaenda kwa kinyozi, nikakaa benchi kama mshindi, nikamwonyesha.

Kinyozi akazima mashine. "Mzee Kiberiti, hapa aliye juu ndiye aliyechafua."

Wateja walicheka mpaka mmoja akashuka kitini akiwa amenyolewa nusu kichwa.

Nilipofika nyumbani nikasoma maelezo yako polepole, kidole juu ya neno. Kumbe wenzetu wanavuna kutushinda, ila mabua wanalisha ng'ombe, na mengine wanayaacha ardhini yaoze. Sisi tunawasha. Tena ukaandika kwamba bua lenye unyevu, likifuka bila kuwaka sawasawa, ndilo linalotoa methani zaidi. Kweli tupu! Moshi ule mzito miaka yote nimeuona, nikadhani ni sifa.

Mpwa wangu, umenishangaza. Mtoto niliyemfundisha kumenya mahindi leo anapima moshi uliokwisha kupotelea angani! Mimi niliyewahi kuishika radi mkia, hilo siliwezi.

Sasa unaijua desturi ya bonde letu, hakuna achomaye kabla yangu. Jumanne majirani walikuja mpakani mwa shamba, viberiti mkononi, wanasubiri moshi wangu upande. Nikajua nikikataa, jina langu limekwenda na maji. Nikikubali, bonde zima linaungua.

Jirani yangu Kidevu akaanza, "Vipi mzee, leo njiti zimelowa? Au umezeeka?"

"Nizeeke mimi? Njoo tupigane mieleka! Mwaka huu sichomi. Mpwa wangu yuko kule, anahesabu kila moshi."

"Atauona wa kwangu?"

"Anaona hata vifungo vya shati lako ulivyovikosea."

Akajitazama kifuani. Wallahi vilikuwa vimekosewa!

Hapo nikawaambia, mwenye ng'ombe achukue mabua yangu bure. Kisha muuza maziwa akasema, "Kama ni ya bure, mimi siondoki hapa." Akaleta mkokoteni. Kidevu akarudisha kiberiti mfukoni, eti anangoja mkokoteni ufike na kwake. Si wote waliokubali, ng'ambo ya mto moshi ulipanda sehemu mbili. Lakini huku kwetu, hewa safi. Mama yako hajakohoa msimu huu, na shuka zake zimekauka nje zikiwa nyeupe.

Mabua yaliyobaki nimeyalaza shambani, na mvua inakaribia. Nieleze upesi wenzetu wanapandaje katikati ya mabua. Mbegu zangu zisipoota, Kidevu atanicheka, na mwakani bonde zima litawaka maradufu.

Mama yako anakusalimu sana, bibi yako anauliza kama unakula, na kinyozi anasema ukirudi atakunyoa bure, ingawa nimemwambia wewe ni msichana.

Mungu akulinde, akufungulie milango hata ile usiyoibisha. Hiyo nguzo nataka uichore upya, yetu iwe chini ya yao. Tuwe wa mwisho, tena wa mwisho kuliko wote. Unanijua, mimi kushindwa sikubali.

Ni mimi nikupendaye na kukutangaza kila kona,
Mjomba wako.