Masega ya Gari la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Gari linanuka tena. Yai viza! Nimeshusha vioo vyote, nimefika kazini nywele zimesimama kama nimefukuzwa na mbwa. Na ile njuga chini ya sakafu — chaka-chaka-chaka — haichoki. Gari la marehemu baba hili, limeamua kuzeeka kwa kelele.

Jioni nakata kona tu, mama keshasimama mlangoni. Honi sijapiga! Ananipokea mkoba: pole na kazi, leo umewahi. Ndipo anakaa kula. Mama mdogo, anayeshinda naye, anasema mchana kutwa hagusi kijiko, kunyoosha shingo dirishani tu. Jina langu limeshamtoka. Mara mimi nesi, mara mimi dada yake. Lakini hali chakula mpaka nifike. Mimi! Si mdogo wangu na mazawadi yake. Mtoto wa kike bwana!

Jumanne, 4 Machi

Gereji. Fundi kaingia uvunguni, katoka na uso wa daktari mwenye habari mbaya. Masega yamekwisha, dada. Nikadhani ananiletea habari za nyuki! Kumbe ni kile kichungi cha chuma kwenye bomba la moshi, ndani vitundu vitupu kama sega. Ndicho kinachosafisha moshi. Vimevunjika, vipande vinacheza ndani — ndiyo njuga yangu. Na kwenye maungio bomba limetoboka, moshi unapanda ndani ya gari. Kasema nisimpandishe mtu mgonjwa.

Na mimi kila Alhamisi nampeleka mama kliniki na gari hilohilo. Anarudi kashika kichwa, nasi tunasema uzee.

Kuna mapya ya kawaida. Kuna ya spoti, yaliyoboreshwa, gari linapumua, linavuta. Nikauliza, yanalifaa hili? Fundi kacheka mpaka kakohoa. Ni kumvisha bibi raba za mbio, dada. Atapendeza, kukimbia hakimbii.

Kwa hiyo ya kawaida. Au? Ule mlima wa kazini nao, malori yananipita!

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Mama kaweka kichwa nje ya dirisha njia nzima. Analalamika kichwa, kichwa, basi. Lakini nikiwasha tu gari anatabasamu, anapigapiga kiti kwa kidole akifuatisha njuga. Nimecheka. Kisha nimeona aibu — namvutisha mama yangu sumu huku nacheka.

Mdogo wangu kapiga. Tunamwita Injinia, spana hajawahi kuishika hata kwa bahati mbaya. Nirekodie mlio, nitajua tatizo. Haya, nimesimama pale kona, nimerekodi, nimetuma. Jibu: gia boksi! Nikamwambia fundi anasema masega. Aaa, hayo ng'oa kabisa, weka bomba tupu, kila mtu anang'oa. Au weka spoti, usiwe mnyonge. Nimemwambia akitaka bomba tupu aje alinuse mwenyewe.

Kazini kila siku nawauliza watu: lenzi ya kwanza au ya pili? Wanajibu chap. Mimi nimekaa na jambo moja tu, naligeuza kama chapati isiyoiva. Mpima macho asiyeona mbele. Mganga hajigangi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda gereji. Nimerudi. Nimekwenda tena. Fundi kaniuliza kama nimepoteza kitu.

Faida ya spoti kwa gari hili? Kidogo sana, kasema wazi. Harufu itaisha hata kwa ya kawaida. Mlio utabadilika kwa yote mawili, njuga itakwisha, ila ya spoti itanguruma kidogo. Mlio ndio nini! Libweke likitaka.

Nimesema spoti. Mdomo umesema kabla ya kichwa. Nimechoka kupitwa, jamani. Nimechoka kila kitu kuzeeka mbele ya macho yangu. Fundi kauliza, yale mabovu nimwachie? Kuna watu wanayatafuta. Nimekataa, cha baba hicho, kitie kwenye buti.

Jumatatu, 10 Machi

Limekamilika! Hakuna harufu. Hakuna njuga. Ngurumo ya chinichini, paka aliyeshiba. Mlima nimeupanda nikiimba, na lori moja nimeliacha nyuma — moja, lakini nimeliacha.

Jioni mlangoni hakuna mtu. Nimepiga honi. Mama mdogo ndiye kafungua.

Mama yuko dirishani. Nimempa mkoba, hakuupokea. Kaniangalia kwa adabu zote. Karibu mgeni, keti. Mwenye nyumba hajarudi.

Hakula.

Jumanne, 11 Machi

Tena. Nimemlisha kwa mkono, kafunga mdomo. Atakulaje, mwenzake bado yuko njiani? Ndivyo alivyoniuliza. Kwa upole, kama mimi ndiye niliyesahau.

Jikoni nimembana mama mdogo. Kaangua kilio kwanza. Kisha kasema — siku zote akisikia ile njuga mama alikuwa anainuka: baba yao huyo, anakata kona. Mbona hukuniambia? Ulikuwa unafurahi sana, mwanangu. Ningekuvunjaje moyo?

Kwa hiyo pole na kazi ile haikuwa yangu. Hata siku moja. Nilikuwa nabeba mkoba wa mtu mwingine.

Nimemwonea wivu marehemu. Baba yangu mzazi! Kafa, na bado anawahi kufika kuliko mimi. Nimelia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni imekuja baadaye.

Jumatano, 12 Machi

Mama mdogo kapiga kazini: chai nusu kikombe tangu asubuhi. Mama anasema mwenye nyumba kapatwa na jambo. Anataka kwenda kumtafuta.

Nimempigia fundi. Kurudisha ya zamani? Inawezekana, kasema. Na moshi, dada? Na kichwa cha mama? Nikakata simu.

Nimempigia Injinia, nikamtukana kwanza, kisha nikamweleza. Safari hii hakubisha — yeye! Kisha: dada, si ulinitumia mlio?

Niko kwenye gari, pale kona. Jua linazama. Naandikia juu ya usukani. Injini nimezima. Ule mlio upo kwenye simu, nimeutafuta katikati ya meseji za mabishano yetu. Huu ni udanganyifu. Mama yangu si mtoto wa kuchezewa. Ila tangu juzi hajala.

Nimeshusha kioo. Sauti mpaka mwisho.

Chaka-chaka-chaka.

Pazia limetikisika.

Mungu wangu. Katoka. Kajitengeneza nywele, anatembea wima, sijamwona hivyo siku nyingi. Mama mdogo nyuma yake kaziba mdomo. Mama anacheka peke yake. Haniangalii mimi, anaangalia gari. Mkono keshaunyoosha kupokea mkoba.

Ngoja nishuke, mkono wake usichoke.