Iliki kwenye mchele wa Kyela

Lucy, Ikupa wetu kajifungia stoo! Hataki kumwona mtu!

Si unajua kila siku anaweka status video za mapishi za watu, chini anaandika "karibuni mchele", basi? Leo kakuta mtu anapika mchele wa Kyela kwa iliki. ILIKI!

Akarekodi sauti anitumie mimi: "Mchele unanukia wenyewe, iliki ya nini? Ni kumpaka kichanga marashi!"

Kumbe kaiweka status! Wateja wote wamesikia. Hadi mke wa mchungaji, Lucy!

Na huyo ndiye kajibu wa kwanza: "Ndaga fijo, asante sana, Ikupa. Mwaka mzima naangalia mapishi ya watu, leo ndiyo nimekusikia wewe. Niletee debe."

Nimemsomea mlangoni.

Hajafungua bado. Ila nasikia anapima mchele.