Mtaro Mbele ya Nyumba Yako

Kaka yangu uliye mbali,

Sisi huku wazima. Paka wako amezaa tena, juu ya kiti chako.

Kampuni imekataa kutuletea intaneti ya kasi, eti mtaa wetu hauna faida. Haya! Tumechanga, tumenunua waya wa faiba wenyewe, na kila nyumba inachimba mtaro mbele ya mlango wake. Nyumba yako imefungwa tangu uondoke, kwa hiyo fundi akataka tuipite pembeni. Mama akang'aka: "Nyumba ya mwanangu hairukwi!" Akashika jembe. Nikamnyang'anya, nikachimba mimi. Viganja vyangu sasa ni malengelenge matupu, na usinipe pole za mdomoni.

Hili Mama alinikataza nisikuandikie: daktari anasema macho yake yanazimika, mwakani hataona. Ukipiga simu ya video, picha yako hukatikakatika, naye hujifanya amekuona vizuri. "Amenenepa," husema, huku kioo kimeganda.

Waya huu utafika, hata nikichimba kwa kucha. Kazi yako ni moja tu: nyoa hizo ndevu, ukae penye mwanga.

Dada yako, kichwa ngumu