Mama Mkwe Hakuona Upande wa Kulia

Mshauri Cheptanui, salamu kutoka Rongai, hii ya Nakuru. Naomba unisaidie haraka maana tangu wiki iliyopita mimi sikai, nikikaa nasimama, nikisimama narudi kwa laptopu, napunguza upana wa ukurasa, naongeza, nafunga, nafungua tena, hadi mchumba wangu amesema nikiendelea hivi ataitupa hiyo laptopu zizini.

Mimi ni fundi wa tovuti, nafanya kazi mjini Nakuru, na mchumba wangu ni wa Subukia, tumwite Wachuka, kwa sababu majina nimebadilisha. Babake, tumwite Mzee Kihara, ni mwenyekiti wa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ndiye aliyenipa kazi ya kutengeneza tovuti ya chama, na unajua kazi ukipewa na mzee ambaye bado hujapeleka wazee wako kwake, hubishani, unasema tu ndio mzee, ndio mzee. Tovuti yenyewe si kubwa, ni ukurasa wa kuwaonyesha wakulima kila asubuhi lori la maziwa litapita kituo gani na saa ngapi. Mwanzoni niliutengeneza utoshe kwenye simu, lakini Mzee Kihara akaufungua kwenye televisheni kubwa iliyo ukutani ofisini kwake, akauangalia sana, kisha akaniambia, "Kijana, hii kitu umeacha nafasi mingi hapa kando. Si ujaze? Watu wa Nakuru wakikuja waone tuko serious."

Basi nikajaza. Niliuvuta ukurasa ukalingana na ile televisheni, nikaweka jedwali refu, jina la kituo upande wa kushoto, saa katikati, na kule mwisho kabisa kulia safu ya mabadiliko, yaani kama leo lori halifiki. Nikajaribu kwa simu yangu, kwa simu ya Wachuka na kwa simu ya karani wa chama, tukilaza simu na kubana macho tunasoma vizuri. Simu ambayo sikujaribu ni ya mama mkwe, kwa sababu kwao ni kama kwetu, mkwe anakaa mbali na mama mkwe kwa heshima, na mimi hata kumwamkia naangalia chini, sasa ningemwambiaje nipe simu yako niishike?

Siku hiyo ya balaa kulikuwa na matope na lori halikufika kituo cha juu. Habari ilikuwa kwenye ukurasa tangu alfajiri. Mama akabeba mtungi wake akasimama barabarani mpaka jua likawa kali na maziwa yakaharibika, na alipokuja ofisini kuuliza, Mzee Kihara akamwambia mbele ya wanachama, "Si imeandikwa? Ama simu ni ya kuangalia picha za wajukuu tu?" Mama akasema polepole, "Mimi nimeona jina ya kituo na saa. Hiyo ingine sijaona." Watu wakacheka. Mimi nilikuwa hapo hapo nikifunga waya wa televisheni, nikaendelea kufunga waya.

Nilipofika nyumbani nikakuza herufi kwenye simu yangu vile wazee hukuza, na Mungu wangu, safu ya mabadiliko yote ilikuwa imetoka nje ya kioo upande wa kulia, huwezi kuiona mpaka usukume kwa kidole, na hakuna alama yoyote ya kukwambia kuna kitu huko. Mama alisema kweli, mshauri, na mpaka leo sijamwambia mtu, hata Wachuka, ambaye ananiuliza, "Ni nini inakusumbua? Unaongeza, unapunguza, kwani unapima shamba?"

Sasa Jumamosi kuna mkutano wa mwaka, ukumbi wa kanisa, na mzee anataka ukurasa uonyeshwe kwa projekta ujaze ukuta mzima. Pia atatangaza kwamba kuanzia siku hiyo karani, ambaye sasa hupigia wale tu wasio na simu za intaneti, hatapigia mtu simu tena, habari zote ni kwenye tovuti, na asiyesoma shauri yake. Nichague upana gani, wa ukuta, wa televisheni, ama wa simu ya mama? Na nikichagua wa mama, nimwambie nini mzee kabla sijakosa mke?

Ni mimi, Mkwe Asiyetulia.

*

Mkwe Asiyetulia, keti kwanza. Funga hiyo laptopu.

Mficha uchi hazai, na umefanya vizuri kuniandikia. Lakini pole yangu inaishia hapo. Umenijazia karatasi na mambo ya upana, kumbe kinachokunyima usingizi ni kwamba mama wa watu alichekwa kwa kosa lako nawe ukaendelea kufunga waya. Aibu ni yako, kijana! Hiyo haiponi kwa kuongeza na kupunguza.

Tuanze na jambo rahisi. Barua yako nilimpa Mitchelle, anayetengeneza kurasa za gazeti letu zinazosomwa kwa simu. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Anasema usichague upana mmoja, wewe fundi unalijua hilo na ulilijua siku ya kwanza. Anza na simu ndogo kuliko zote, yenye herufi kubwa kuliko zote. Lile jedwali livunje, kila kituo kikae peke yake, na kama lori haliji neno hilo liwe la kwanza juu kabla ya saa. Kwenye skrini pana ukurasa upanuke kiasi kisha usimame. Mstari wa maneno ukitoka ukuta hadi ukuta, msomaji anakuwa kama mtu anayepalilia mstari mrefu wa mahindi, akigeuka kurudi anaingia mstari wa jirani. Na ile nafasi ya kando inayomkera mzee, mwekee picha ya ng'ombe wake. Atafurahi, nakuhakikishia.

Sasa hilo gumu. Unasema heshima ilikuzuia kushika simu ya mama mkwe. Sawa, sikulaumu, nami nimelelewa hivyo hivyo. Lakini Wachuka ni bintiye, alikuwa na mikono, ungemtuma akuletee simu hiyo mezani na hakuna mila ingevunjika. Na ni mila gani, niambie, iliyokukataza kusema "mzee, kosa ni langu"? Heshima si utumwa. Uliogopa kukosa mke, ukauza jina la mamake.

Mwambie Wachuka leo, kabla ya mtu mwingine. Kisha nendeni pamoja kwa Mzee Kihara, faraghani, si mkutanoni, na simu ya mama iwe mezani, herufi zikiwa vile vile anavyozisoma. Usimwambie alikosea kutaka upana. Mwambie wewe ndiye fundi, na fundi ndiye aliyepaswa kukataa. Akikasirika, akasirike. Mzee anayekufukuza kwa sababu umesema kweli kuhusu mkewe, hata ukimpelekea wazee ishirini mtasumbuana naye maisha yote. Pia mwombe karani aendelee kupiga simu mpaka kila mwanachama aone habari yake bila kusukuma chochote. Na kwa kuwa mama alichekwa mbele ya watu, Jumamosi usimame mbele ya watu hao hao, kabla projekta haijawashwa, useme nani alikosea.

Na usingoje kesho. Umebadilisha majina, lakini ni chama kipi kingine cha maziwa Subukia chenye mkutano Jumamosi na mwenyekiti mwenye televisheni ukutani? Kufikia chai ya saa nne watakuwa wamekujua. Ukimaliza kusoma, ondoka.

Nimemwomba Mitchelle jibu hili aliweke kwa herufi kubwa, neno chini ya neno, lisitoke nje ya kioo cha mtu yeyote. Kwa hivyo wewe mama wa Subukia, kama umefika hapa chini kwa simu yako hiyo hiyo, jua kwamba unasoma vizuri kabisa. Ile habari ya lori haikuwekwa mahali ungeweza kuiona.