Chumvi Iliyogoma Kuganda

Alhamisi, 29 Januari

Treni imechelewa tena Jakobsberg. Theluji kwenye reli, wanasema. Kila mwaka theluji inawashtukiza hawa watu utadhani hawajawahi kuiona. Nikabadilisha mjini, nikafika karakana ya Upplands Väsby pua imekufa ganzi. Boksi letu la chumvi, lile la kupasha gari joto, lilikuwa zima, la moto. Nikalipapasa kama mtoto aliyepona homa.

Naandika tena, maana bado sijazoea. Chumvi hii ikiganda ndipo inapotoa joto. Usiku gari la umeme limechomekwa ukutani, umeme unaiyeyusha. Mchana barabarani inaganda polepole, na inapoganda inarudisha joto lote ililokula. Hita ya umeme inapumzika, betri inabaki kwa ajili ya magurudumu. Maisha yangu yote kuganda kulikuwa baridi. Hapa kuganda ni moto. Sina hakika kama kuna mtu mwingine Stockholm anayeamka na raha hii.

Gari la majaribio ni la Mama Furaha, jirani yangu, Mkongo wa Masisi. Anapeleka wagonjwa hospitali na kuwarudisha. Akiwasha hita, betri haimfikishi kwa abiria wake wa mwisho kule Tumba. Akiizima, wanatetemeka. Baridi iliyopita aliendesha na mablanketi. Jumanne wakubwa wa usafiri wanapanda kujionea. Wakiridhika, magari yote ya wagonjwa yatawekewa boksi. Wasiporidhika, hata hili moja linang'olewa. Siogopi. Nina furaha.

Ijumaa, 30 Januari

Nimekwenda kwa Mama Furaha kuomba mbegu ya maziwa mgando, yale kidogo ya kugandishia mengine. Kwao ni mashanza, na yake hakuna wa kuyashinda. Si mara ya kwanza kuomba. Nikigandisha nakunywa yote, halafu nafuta jagi kwa kidole. Alinitazama kwa muda.

"Weye dada, unakula mpaka na mbegu. Kesho utagandisha na nini?"

Nikacheka. Akanipa kikombe kizima. Kimeshapungua.

Jumamosi, 31 Januari

Karakana, peke yangu. Gari liko hapa mpaka Jumanne, Mama Furaha ameazima jingine. Usafi. Mama yangu Musoma, mgeni akisikika tu yuko njiani, ufagio unatangulia, hata mbuzi wanaswagwa mbali na uwanja. Sikulelewa kupokea wakubwa kwenye vumbi. Nimefagia, nimedeki, nimefuta mabomba yote.

Kwenye mdomo wa boksi, chini ya mfuniko, kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, mgumu, kama wa sufuria ya wali. Tangu Novemba, boksi lilipofungwa, ulikuwa unajijenga pale. Aibu tupu. Nimeukwangua kwa maji ya moto na brashi ya meno, mpaka bati limeng'aa. Henrik, bosi wangu, angeuacha. Yeye hata kikombe chake cha kahawa hakioshi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimerudi nyumbani nikiimba kwenye treni. Waswidi wakahama kiti.

Jumapili, 1 Februari

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naomba baridi isipungue kabla ya Jumanne. Naamini ni mimi peke yangu niliyeomba hivyo kati ya Watanzania wote mle ndani. Mungu anisamehe.

Jumanne, 3 Februari

Limeshindwa.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Boksi lilitoka kwenye chaji likiwa la moto, wageni wawili wakavua kofia, mmoja akapiga picha. Nikajiona bibi harusi. Kisha tukaenda kumchukua Bi. Gunvor hospitalini. Figo zake zimeshindwa, anasafishwa damu Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Damu yake inazungushwa nje ya mwili, na akitoka pale anakuwa na baridi ya mifupani. Ni kwa ajili ya watu kama yeye tulianza kazi hii.

Ndipo chumvi ilipotakiwa ianze kuganda. Hewa ikawa vuguvugu. Halafu baridi. Mama Furaha akanitazama kwenye kioo, mimi nikaangalia dirishani. Akawasha hita ya umeme bila kuniuliza. Alifanya sawa. Kilomita za betri zilizobaki kwenye dashibodi zikaanza kuyeyuka, hita nayo ikachukua muda mrefu kupata moto. Bi. Gunvor alikuwa amejikunja ndani ya koti lake. Akanigusa mkono, akasema kwa Kiswidi chake cha polepole, "Usijali, binti. Baridi nimeizoea."

Bora angenitukana.

Karakana. Nikachungulia kwenye kidirisha cha kioo cha boksi, nyuma ya viti. Chumvi ilikuwa maji. Angavu, imepoa mpaka naweza kuishika, na bado ni maji. Imegoma kuganda na joto lake imelifungia ndani. Tabia hii tunaijua, yeyote anayeshika chumvi hii anaijua. Ndiyo maana tuliichanganyia unga wetu maalumu wa kuianzisha, na tumejisifu nao kwenye kila mkutano. Tangu Novemba haijagoma hata mara moja. Kwa nini leo?

Henrik aliwabembeleza wageni. Wamekubali Alhamisi, na hiyo ndiyo ya mwisho. Nina hasira. Sijui nimkasirikie nani.

Jumatano, 4 Februari

Nimepata. Nimepata, nimepata, nimepata.

Asubuhi nilifungua friji. Jagi la maziwa tupu, limefutwa kwa kidole kama kawaida yangu. Nikakumbuka Mama Furaha na ule mtazamo wake. Unakula mpaka na mbegu. Nikasimama pale na mlango wa friji wazi, miguu inapoa.

Ukoko.

Nilikimbia mpaka stesheni. Utelezi, nikaanguka mara moja, sikuhisi kitu. Nikiwa ndani ya treni nilikuwa nafikiri kwa sauti, jirani yangu akatoa vifaa vyake vya masikioni, akanitazama, akavirudisha. Kila kitu kilikuwa kinakaa mahali pake. Ukoko ulikuwa juu, kwenye mdomo wa boksi, ambako joto la chaji halifiki vizuri. Chumvi yote chini ikiyeyuka, ule ulibaki umeganda. Gari likitikisika, maji ya chumvi yanarukia juu, yanaugusa, yanajifunza kuganda. Kila asubuhi, tangu Novemba. Nami Jumamosi nikautoa kwa brashi ya meno ili wageni wasiuone. Nilijipalia makaa mwenyewe.

Nilipofika Henrik alikuwa kwenye simu, anaagiza chumvi mpya. Isingefika kabla ya wiki ijayo. Nikamwambia akate. Nikachukua punje moja tu kutoka kwenye gunia, nikaidondosha mdomoni mwa boksi. Weupe ukaanzia pale pale ilipoangukia. Ukatambaa. Ukajaza kioo chote. Mkono wangu juu ya bati ukapata joto, kisha moto, nikauondoa. Nilipiga kigelegele. Henrik alikuja mbio akidhani nimeungua.

Akakaa juu ya ndoo. "Kwa hiyo unga wetu haukuwa unafanya kazi?"

"Haukuwa. Ni uchafu uliokuwa unafanya kazi."

Halafu akaanza kucheka, sijawahi kumwona akicheka vile, mpaka akafuta machozi kwa mkono wa sweta.

Kutwa nzima tumetengeneza. Kijibomba cha shaba, urefu wa kidole, kimechomelewa juu ya mfuniko na kutokeza nje ya koti la boksi la kuhifadhi joto, kwenye ubaridi. Kimejaa chumvi iliyoganda. Boksi lote liyeyuke, humo ndani haitayeyuka kamwe. Henrik anakiita kwa jina refu la Kiswidi. Mimi nakiita kibuyu, kama cha kugandishia maziwa. Gari liko kwenye chaji. Nimekula supu nikiwa nimesimama. Sijui nitalalaje.

Alhamisi, 5 Februari

Imeganda!

Niliwaambia wageni yote kabla ya kuondoka, mpaka brashi ya meno. Henrik alikuwa ameniomba nisiwaambie. Yule mama aliye mkubwa wao hakucheka, aliuliza tu kibuyu kinaweza kuharibika vipi, na akaandika. Nilimpenda kwa swali lile.

Tukamchukua Bi. Gunvor. Midomo imepauka, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nikaangalia kioo cha boksi. Bado maji. Mama Furaha akaondoka taratibu, akavuka tuta la theluji kwenye lango la hospitali, gari likaruka. Nadhani alilitafuta lile tuta makusudi. Ule weupe ukashuka kutoka kwenye kibuyu. Niliuona kwa macho yangu. Hewa ikabadilika kabla hatujafika taa za kwanza.

Hita ya umeme imezimwa, kilomita kwenye dashibodi zimetulia. Mgeni mmoja akafungua zipu. Mama Furaha akafungua kifungo cha shingoni. Mimi nilikuwa nabana meno nisipige kigelegele kingine. Bi. Gunvor akavua glavu moja, akaweka kiganja mbele ya tundu la hewa. Akakaa hivyo kidogo. Akavua ya pili.

Tumefika mpaka Tumba, mpaka kwa abiria wa mwisho, na umeme umebaki. Wageni wamesema magari yote, kabla ya majira yajayo ya baridi. Wamesema mle mle garini, kabla hatujasimama.

Nilimpigia mama Musoma. Nikamweleza kwamba kuna usafi wa kuzidi. Amekataa katakata.

Jumamosi, 7 Februari

Henrik alitaka boksi ling'arishwe kwa ajili ya picha. Nimemwambia alipige picha lilivyo.

Mama Furaha amenipa mbegu tena. Jagi langu lina maziwa kidogo chini, ya kugandishia kesho. Sijayagusa.

Mchana nilipanda gari la Mama Furaha. Sikuwa na kazi mle, nilitaka tu kukaa. Bi. Gunvor alisinzia kabla hatujavuka daraja, glavu mapajani, mdomo wazi kidogo. Tulipofika mlangoni kwake Mama Furaha alisimamisha gari, akageuka, akamtazama. Theluji ilikuwa inaanguka taratibu. Boksi lilikuwa bado linaganda, feni inapuliza.

Abiria wa Tumba alikuwa bado hospitalini, hajamaliza, hatukuwa na haraka. Tulimwacha bibi alale.