Mabano Saba na Saa Kumi na Moja

Alhamisi. Mawingu yameshuka chini sana hapa Kiabakari, lakini mvua haijaamua.

Napenda kuutangazia umma, kwa heshima na taadhima, kwamba juzi nilifunga mabano saba mfululizo mwishoni mwa fomula moja, na kompyuta haikulalamika.

Umma haukuuliza kitu. Nesi Bhoke alikuwa nyuma yangu na beseni. Akasema, "Umemaliza? Basi sogea nipite."

Mimi ni mtunza kumbukumbu wa kituo cha afya. Excel nilijifunza mwenyewe, kwenye simu, kwa bando la wiki. Jedwali la wajawazito nililianzisha mimi. Nachukua kwenye daftari la nesi saa aliyopokelewa mama, kompyuta inalinganisha na saa ya sasa, na akifikisha masaa kumi bila kujifungua, kisanduku kinaandika RUFAA, yaani apelekwe hospitali kubwa. Kabla ya hapo kinaandika SUBIRI.

Mwanzoni hesabu hiyo ilikuwa na safu tano: saa ya kuingia, saa ya sasa, tofauti, na kuendelea. Mtu yeyote angeweza kuifuata kwa kidole. Hilo ndilo lililoniudhi. Nilitaka mkaguzi wa Musoma akibonyeza kisanduku kimoja aone urefu wa fomula, anyamaze.

Nikaziingiza zote mle. "Kama" ndani ya "kama", ndani ya "kama" nyingine, jinsi baba alivyokuwaga anajenga: zizi la ndama ndani ya zizi la ng'ombe, na zizi la ng'ombe ndani ya ua. Kila mlango uliofunguliwa lazima ufungwe. Nilipomaliza nikafuta zile safu, nikabakiza ya saa ya kuingia tu.

Leo kaletwa binti kutoka Mugeta, mimba ya kwanza, kwa bodaboda, na mama mkwe wake. Saa nane mchana mama huyo akaja dirishani kwangu.

"Baba, hiyo mashine inasemaje?"

"Inasema asubiri, mama."

"Asubiri tena? Hii khanga ilikuja imeloa umande. Nimeianika, imekauka, nimeikunja."

"Kompyuta haikosei, mama."

Nilisema hivyo. Naandika hapa ili nisije nikasingizia mtu mwingine.

Akarudi kwenye benchi. Akaiweka ile khanga mapajani, akaendelea kuilainisha kwa kiganja, na mimi nikaendelea kuiangalia kupitia dirisha. Umande.

Nikavuta daftari. Nesi kaandika *saa 11*. Kwetu sote hiyo ni alfajiri, jogoo hawajamaliza. Mimi nikachapa 11 kama nilivyoikuta. Kwa kompyuta, kumi na moja ni saa tano asubuhi. Binti ana masaa tisa, yenyewe imemhesabia matatu. Kwa fomula yangu neno RUFAA lingetokea saa tatu usiku.

Ile safu ya tofauti ingekuwepo, ningeiona 3 imekaa pale, na hata mfagiaji angecheka. Lakini nilikuwa nimeifuta. Kosa lilikaa kwenye zizi la ndani kabisa, na milango yote saba niliifunga mwenyewe, kwa ufundi.

Sijakimbia hivyo tangu shule ya msingi.

Wodini nilimkuta Nesi Bhoke amemshika binti mkono, anamfuta jasho. Barua ya rufaa iko mezani, imeshagongwa muhuri. Nikaanza kueleza habari za saa na mabano. Akanikatisha.

"Gari nimeita tangu saa saba. Limetoka Bunda, liko njiani. Mama mkwe sijamwambia, angeanza kulia na binti angemsikia."

"Ulijuaje?"

"Mimi nilikuwaga nahesabu masaa kabla hiyo kompyuta yako haijanunuliwa. Shika kona ya shuka, tumhamishe."

Nikashika kona ya shuka. Ndiyo kazi ya maana niliyoifanya leo.

Mama mkwe alipokuwa anapanda gari alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mashine imekubali sasa?" akauliza. Jioni wamepiga simu kutoka Musoma: binti kapasuliwa, mtoto wa kike, wote wazima.

Nimezirudisha safu tano. Nimeongeza ya sita, ya kuandika alfajiri, mchana au usiku. Jedwali limekuwa baya kama kaptura yenye viraka, na linasomeka.

Ila kuna swali limenikaa kifuani tangu jioni. Je, kama Nesi Bhoke angekuwa mtu wa kuamini kisanduku changu kuliko vidole vyake, ingekuwaje? Ikabidi nimuulize kama huwaga analitazama jedwali kwenye kompyuta ya wodini.

Akasema kompyuta ya wodini haijawaka tangu mwezi uliopita. Chaja yake ninayo mimi.