Pipa la Bi Zuhura

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na Baba, kikohozi kimemwachia au bado anaamka nacho? Mimi mwili ni mzima, ila roho yangu haiko mahali pake. Sikutaka kupiga simu, maana ukinisikia nalia hutasikiliza kingine, na Baba ataweka sauti kubwa kijiji kizima kijue. Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisani kwetu anayekuja huko msibani. Nakuomba uisome peke yako kwanza.

Zile mbegu za nyanya ulizonifungia kwenye kitambaa ziliota zote. Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, aliniruhusu kupanga ndoo za rangi uani, kandokando ya ukuta. Nyumba yetu ni ya zamani, ya chini, maghorofa yametuzunguka, kwa hiyo jua tunalipata saa chache tu. Hata hivyo, Mama, zilikubali! Mshumaa zako, zile ndefu, zilizaa hadi nikazifungia vijiti. Zile bonge zenye mikunjo zilichelewa, zikaja na matunda matatu matatu. Zile ndogo za kienyeji ndizo zilizokosa adabu, zilipanda hadi kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nikaongeza na chotara ya dukani na nyingine ya njano. Bi Zuhura alipoiona ya njano alicheka, "Hii nyanya au limau? Wewe Mchaga utatulisha mambo!"

Aliyezipenda kuliko wote ni Mwanaidi, mkwewe Bi Zuhura. Mumewe yuko Mtwara kikazi, na yeye ana mimba ya miezi saba. Kila asubuhi alikuwa anachuma zile ndogo, anazifuta kwenye kanga, anakula palepale amesimama. Wenzake wamefunga Ramadhani, yeye daktari alimkataza, basi alikuwa akiona aibu kula mbele ya watu anakuja kujificha kwenye nyanya zangu.

Wiki iliyopita kantangaze, yule mdudu wa nyanya, akaingia. Alianzia kwenye chotara, majani yakachorwachorwa, kufumba na kufumbua kahamia kwenye mshumaa. Nikaenda duka la pembejeo, muuzaji akanipimia dawa kwenye kichupa kidogo. Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nikajifunga kanga puani kama ulivyonifundisha, nikapima kifuniko kimoja nikamimina kwenye pampu ya mkono. Nilimwambia Mwanaidi asichume hata moja mpaka nimwambie. Unaona? Hilo nililikumbuka.

Sasa sikiliza, Mama. Wewe siku zote ulituambia tusipoteze dawa. Ukishamimina, chovya kifuniko kwenye pipa, mimina kwenye pampu, chovya tena, mara tatu. Kule shambani tambarare nimefanya hivyo tangu nina miaka minane. Jumatatu mkono ulifanya wenyewe. Pipa la Bi Zuhura lilikuwa palepale ubavuni kwangu, sinia la kufunikia limewekwa pembeni. Nikachovya mara tatu. Nikapulizia nyanya, nikanawa bombani, nikaenda zangu dukani kuuza mapazia. Na pipa lile ndilo la kupikia, Mama. Futari yote ya nyumba inatoka mle.

Sikukumbuka kitu hadi alasiri. Kaka mmoja anayebeba mizigo alikuwa anatawadha nje ya duka letu, anachovya kopo kwenye ndoo, anamimina, anachovya. Nilikuwa nimeshika pazia la mteja. Pazia likanitoka mkononi.

Na hapa ndipo ninapoona haya kukuandikia. Sikukimbia. Nilijiambia labda nilichovya kwenye ndoo yangu, labda naota. Nikapiga simu ya Bi Zuhura, haikupokelewa. Nikafikiria watakavyosema: mpangaji Mkristo, Ramadhani yote hii, sumu kwenye maji ya futari. Nani angeamini ni mkono tu? Niliogopa kusema, Mama. Nikaendelea kupima mapazia karibu saa nzima huku jasho linanitoka, mteja akaniuliza kama naumwa malaria.

Mwishowe nikamwambia bosi nina mgonjwa nyumbani, nikatoka. Unajua Kariakoo ikikaribia Idi ilivyo, hakuna pa kuweka mguu. Nilikuwa nasukuma watu kwa viwiko, "Dada taratibu, unakwenda wapi?" na mimi naomba Mungu tu njia nzima. Nafika uani, jungu la uji liko jikoni linatokota. Mwanaidi amekaa kwenye kibao na kikombe mkononi.

"Bi Zuhura, msinywe! Msipike!" nilipiga kelele kama mwendawazimu.

"Kuna nini wewe, mbona unahema hivyo?"

"Nimetia dawa kwenye pipa. Dawa ya nyanya. Asubuhi. Sikukusudia, wallahi sikukusudia!" Hata sijui hiyo wallahi niliitoa wapi.

Bi Zuhura aliangalia pipa, akaangalia jungu, kisha akamgeukia Mwanaidi. "Umekunywa?"

"Kikombe kimoja cha uji, mama. Sasa hivi tu."

Sasa hivi tu! Ningetoka dukani nilipokumbuka, ningemkuta bado hajakinga kikombe. Hilo halinitoki.

Tukaingia kwenye bajaji wote watatu. Mwanaidi alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anachezesha midomo tu. Hospitali nesi akaniuliza ni dawa gani, nikampa kichupa. "Hiki hakina hata karatasi! Nitajuaje mmemnywesha nini?" Nikarudi mbio kwa muuzaji wa pembejeo, nikamkuta anafunga mlango, nikamshika shati. Akaniandikia jina la dawa kwenye kipande cha boksi. Niliporudi adhana ya magharibi ilikuwa imeshaadhiniwa na Bi Zuhura yuko kwenye benchi hajafungua. Nikamnunulia maji ya chupa. Aliyapokea, akakigeuza kile kifuniko taratibu akikiangalia kama kimeshawahi kufunguliwa. Ndipo akanywa. Mama, mwanamke huyu alinipikia uji nilipougua, na sasa anakagua maji yanayotoka mkononi mwangu. Na haki yake.

Daktari alisema dawa ilikuwa kidogo na pipa ni kubwa, mtoto anacheza, lakini wakamlaza hadi jana mchana wamwangalie. Wamesema arudi baada ya wiki, na akiona kizunguzungu au mtoto kutulia sana aje haraka. Kwa hiyo mimi sasa kazi yangu ni kutega sikio. Akikohoa nasimama. Akikaa kimya nasimama. Uji ulimwagwa, pipa limesuguliwa kwa sabuni, na mpangaji wa chumba cha mbele alisema kwa sauti ili nisikie, "Wengine tunakaa nao nyumba moja hatuwajui." Mshumaa zimeiva nyekundu zinaanguka, hakuna anayezigusa, hata mimi.

Na nyie huko! Daktari aliniuliza nilijifunza wapi kuchovya vile. Nikasema nyumbani. Akauliza, na pipa hilo la nyumbani mlikuwa mnalitumia kwa kitu gani kingine? Mama, si tulikuwa tunanawa mle, tukisikia kiu tunachota kwa kopo tunakunywa? Wewe na Baba bado mnakunywa. Sikulaumu, nani alituambia? Nakuomba kwa jina la Mungu, limwage leo, na Baba apeleke maji yake ya kunywa kwenye dumu. Na aende akapimwe hicho kikohozi.

Msalimie Baba, lakini mwambie polepole. Msalimie kaka Anaeli dereva wetu, na Shangazi wa kwaya aniombee. Mama mkubwa muuza maziwa naye msalimie, usimwambie kitu.

Leo asubuhi, kabla sijaanza kuandika, mlango wangu uligongwa. Nilijua ni Bi Zuhura amekuja kuniambia nihame. Alikuwa Mwanaidi, na kikombe kitupu.

"Dada Eliaichi, nina kiu. Nipe maji yako."

"Kwa nini yangu? Si mna yenu?"

"Yangu yapo. Nataka yako."

Nilimmiminia, mengine yakamwagikia mkeka. Alikunywa palepale mlangoni, ananiangalia usoni, hadi yakaisha. Kisha akasogeza kikombe niongeze.

Mwanao anayekuombea na kuogopa,
Eliaichi